Pikipiki Yenye Kisanduku: Uganda Iko Tayari kwa Janga Lijalo?

SAUDA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Sauda, niko Kampala. Mwenzangu Owor leo yuko kwao Malaba, mpakani na Kenya, kwa hiyo mkisikia honi za malori msituletee malalamiko.

OWOR: Malaba ikinyamaza ndipo uogope, dada. Hamjambo wote.

SAUDA: Leo tunabishana. Ugonjwa mpya ukibisha hodi kesho, sisi tuko tayari? Mimi nasema tuko tayari kuliko wengi. Mwaka 2019 wataalamu walizipa nchi za dunia alama, ipi imejiandaa vizuri kwa janga. Marekani ikawa ya kwanza, Uingereza ya pili. Miezi michache tu korona ikaingia, na Marekani ikaja kuzika zaidi ya watu milioni moja.

OWOR: Usiwacheke. Mwenzako akinyolewa...

SAUDA: Sisi ndio tulionyolewa kwanza, kaka! Gulu, 2000. Wanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya Lacor wanaanza kufa. Daktari Matthew Lukwiya yuko Kampala, anasoma Makerere, anapigiwa simu arudi. Anafika, anapekua mafaili ya wagonjwa usiku, anasema hii ni homa ya kutokwa damu. Sampuli ikapelekwa hadi Afrika Kusini ndipo ikathibitika kuwa Ebola. Waliougua 425, waliofariki 224, naye mwenyewe akiwamo, tarehe 5 Desemba.

OWOR: Mungu amrehemu. Ila hapo naomba niongeze jambo. Waacholi wa huko Gulu ni ndugu zetu sisi Wajopadhola, na wao walikuwa na neno lao kabla hata daktari hajafika: gemo. Ugonjwa ukipita kasi ya kawaida, wazee wanasema hii ni gemo, na kuna utaratibu wake. Mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake, mbali na wengine. Mlangoni zinasimikwa fito mbili za matete, kila mpita njia ajue. Anayemhudumia ni aliyewahi kuugua akapona. Ngoma hakuna, kutembeleana vijiji hakuna. Na aliyepona hatoki mpaka mwezi mzima upite.

SAUDA: Karantini ya matete! Na hakuna aliyewaletea hiyo kwenye semina ya hotelini.

OWOR: Wala posho ya kikao.

SAUDA: Haya, sasa nifuate. Mwaka 2007 Ebola ya aina mpya ikatokea Bundibugyo, sampuli zikaenda mpaka Atlanta, Marekani. Leo zinaenda Entebbe, kwenye taasisi ya virusi, ile ile iliyoanza 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Na zinasafirije? Kwa pikipiki. Yule kijana mwenye kisanduku nyuma, unayemdhani anapeleka chakula, huenda amebeba damu kutoka kituo cha afya cha kijijini. Mimi nikiulizwa Uganda imejiandaa vipi, sikuonyeshi kitabu cha mpango. Nakuonyesha huyo.

OWOR: Namheshimu sana huyo kijana. Lakini yeye anangoja mtu amwite. Tazama Mubende, 2022. Ebola imetangazwa tarehe 20 Septemba, baada ya kijana wa miaka 24 wa Madudu kufariki. Lakini kabla yake watu walishakufa huko kijijini, na maneno yalikuwa ni uchawi. Pikipiki ilikuwepo na maabara ilikuwepo, na bado ugonjwa ulitangulia. Mpaka inatangazwa imekwisha, Januari 2023, waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walifariki.

SAUDA: Na chanjo?

OWOR: Ile ya virusi vya Sudan, aina ya Ebola iliyozuka Mubende, ilikuwa bado ya majaribio. Dozi zimetua Desemba, wagonjwa wapya hawapo tena. Kama gari la zimamoto linafika nyumba imeshakuwa majivu.

SAUDA: Ndiyo maana nataka useme na ya Kampala. Januari 2025, muuguzi amefariki, Ebola ya Sudan tena. Imetangazwa tarehe 30, na tarehe 3 Februari majaribio ya chanjo yameanza. Siku nne! Kwa sababu dozi zilikuwa zimeshawekwa hapa hapa nchini. Hiyo ndiyo maana ya kunyolewa ukajifunza.

OWOR: Hiyo nakupa, kwa moyo mweupe. Ila Ebola tunaijua kama mtu anavyomjua mwizi wa mtaani kwake. Korona je? Mimi nilikuwa hapa 2020. Madereva wa malori wanapimwa, foleni imerudi ndani Kenya kilomita na kilomita, watu wanapika ubavuni mwa magurudumu, na mtaani wanaitwa wao ndio ugonjwa. Dereva aliyekuletea ngano!

SAUDA: Aibu ile.

OWOR: Halafu Juni 2021. Mjomba wangu alihitaji oksijeni. Tumezunguka na simu usiku kucha: nani ana mtungi, nani anajua mwenye mtungi. Hospitali moja, siitaji, ilitaka pesa mezani kwanza. Tukachanga familia nzima, akapona, lakini ng'ombe hatuna. Sasa hiyo nayo ni maandalizi? Kufuatilia waliokutana na mgonjwa tunaweza. Kumpa hewa mgonjwa wa mapafu tulishindwa.

SAUDA: Hapo sina jibu.

OWOR: Na shule. Zimefungwa Machi 2020, zimefunguliwa zote Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili. Mpwa wangu alikuwa darasa la sita, msichana mwenye akili. Akaanza kuuza mandazi hapa barabarani asaidie mama yake. Shule imefunguliwa, yeye ana wateja. Hakurudi. Nikisikia mtu anatoa alama za nchi, nauliza: huyo mtoto alihesabiwa kwenye safu gani?

SAUDA: Kufunga tulijua. Kufungua...

OWOR: Hatukuwa na mpango hata wa karatasi moja.

SAUDA: Mimi bado natetea mtu mmoja, yule mhudumu wa afya wa kijiji, VHT. Anajitolea tu. Yeye ndiye anayejua kwa nani kuna msiba wa pili ndani ya wiki moja. Mubende wangemsikiliza mapema, tungekuwa tunasimulia mengine.

OWOR: Basi apewe hata baiskeli na salio la simu, dada. Fulana yenye nembo tayari anazo tano.

SAUDA: (anacheka) Owor, kabla hatujaaga: hapo ulipo, korona imeacha nini?

OWOR: Mbele ya duka la jirani kuna lile tangi la kunawia mikono, la kukanyaga kwa mguu. Ngoja niende na simu. (hatua, honi) Haya, nakanyaga.

SAUDA: Maji yapo?

OWOR: Yanatoka. Sabuni ndiyo hakuna.