Bacharach: kiambaza cha bibi ukingoni mwa Rhine

Haya wapendwa, mko salama? Wakubwa zangu, shikamooni. Leo nimepanda treni tangu alfajiri hadi Bacharach, kamji kadogo ka watu kama 2,000 tu hapa Ujerumani, ukingoni kabisa mwa mto Rhine.

Kabla sijawaonyesha ngome na minara, njooni huku uchochoroni kwanza. Kuna fundi anakarabati nyumba, mzee wa watu, ameniruhusu nipige video. Tazameni huu ukuta alioufungua. Mnaona nini? Fito! Fito zimesukwa katikati ya nguzo, halafu zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mama, hiki si kiambaza? Ni kiambaza kabisa, kama cha jikoni kwa bibi Muheza. Nimeingiza mkono kwenye ndoo yake, nikaufinyanga ule udongo, hata harufu ni ileile.

Nyumba za namna hii wanaziita Fachwerk. Mbao nene zinaunganishwa kwa vigingi vya mti, na hapa kwenye boriti kuna mistari imechongwa kwa patasi. Hizo ni alama za mafundi. Walikuwa wanakata mbao za nyumba nzima chini, wanaipa kila mbao alama yake, ndipo wanaisimamisha. Juu wameezeka vigae vya jiwe jeusi. Nyumba kama hizi zimejaa mji mzima, za karne na karne, na watu wanalala humo mpaka leo, wanaanika nguo, wanapika.

Tupande ukutani sasa. Huu ni ukuta wa mji, wa karne ya 14, na unaweza kutembea juu yake. Reli inapita hapa chini… subirini kidogo, treni ya mizigo hiyo. Haya.

Utajiri wa hapa ulikuwa mvinyo. Ukipanda na mto hadi Bingen, palikuwa na mwamba uliokatiza maji, vyombo vikubwa havipiti. Basi mapipa yakateremshwa kwa vyombo vidogo, yakapakiwa hapa kwenye vikubwa na kupelekwa Köln na kwingineko. Ndiyo maana mvinyo mwingi ulijulikana kwa jina la Bacharach, hata ule ambao zabibu zake hazikuota hapa. Ile ngome kule juu ni Stahleck. Jeshi la Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa liliilipua mwaka 1689. Ilijengwa upya karne iliyopita, na sasa ni hosteli ya vijana.

Na hilo gofu lenye madirisha marefu yasiyo na vioo ni kanisa dogo la Werner. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 1287 kijana aitwaye Werner alikutwa amekufa, Wayahudi wakasingiziwa kwamba wamemuua. Wakauawa wengi katika miji ya bonde hili. Yule kijana akaheshimiwa kama mtakatifu, na kanisa hili likajengwa kwa ajili yake. Ni mwaka 1963 tu ndipo alipoondolewa kwenye kalenda ya watakatifu ya jimbo la Kikatoliki la Trier. Leo pana kibao chenye sala ya toba kwa waliyotendewa Wayahudi. Nimekisoma mara mbili, nikazima kamera. Jiwe lake jekundu ni zuri mno, na chini yake kuna uongo uliomwaga damu. Nawaheshimu watu wa hapa kwa kutolibomoa, na kwa kutoyaficha yaliyotokea.

Tangu mwaka 2002 bonde hili, kama kilomita 65 za mto, liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini mimi akili yangu imebaki kule uchochoroni. Tumefundishwa kwamba nyumba ya udongo ni ya maskini, ukipata hela unaibomoa upesi uweke tofali. Hapa kiambaza kinatafutiwa fundi, kinakandikwa upya, na mwenye nyumba anakilipia kwa moyo mkunjufu.

Mjomba, najua unaitazama video hii, na najua tofali zimeshafika kwa bibi. Jenga nyumba mpya, sikatai. Lile jiko naomba uliache mpaka Desemba nije. Nitakata fito mwenyewe, na bibi atakaa kigodani anionyeshe udongo unavyokandwa.