Saa Kumi na Moja ya Nani? Kuhusu Mwongozo wa Programu ya Kufuatilia Vifaa

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, na mafundi wenzangu,

Walionisikia mwaka jana watanivumilia, kwa kuwa nimerudi na jambo lile lile, nami nitaendelea kurudi nalo mpaka lifanyiwe kazi. Programu zetu za kufuatilia vifaa vilivyounganishwa kwenye mtandao tunazifunga vizuri, lakini mwongozo tunaouandika hueleza namna ya kuziwasha, kisha hunyamaza palepale msomaji anapotaka kujua zinasema nini. Leo nitaitumia arpwatch, iliyotoka katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, kwa sababu wengi wenu mnayo na kwa sababu kazi yake ni ndogo: husikiliza maulizo ya ARP, yaani kifaa kinapouliza mtandaoni ni nani mwenye anwani fulani, kisha huweka katika faili la arp.dat anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao ya kifaa), anwani ya IP (ambayo kifaa hutumia kwenye mtandao), na wakati jozi hiyo ilipoonekana. ARP yenyewe sitaieleza zaidi ya hapo. Imeandikwa tangu Novemba 1982, na asitokee mtu kuniambia kwamba hajapata muda wa kuisoma.

Wakati huo katika faili si saa tunayoijua. Ni idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Nimewahi kufanya kazi katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, ambako kompyuta mpakato ilipotea, na kamati ikaomba ripoti ya mtandao. Aliyeandaa ripoti alizigeuza sekunde kwenye seva iliyowekwa saa za UTC, akapata 17:10, na mbele yake herufi tatu za UTC, ambazo hakuzinakili katika barua, nadhani kwa kuziona kama pambo. Kamati ikasoma saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Daftari la getini, lililoandikwa na mlinzi kwa saa zetu za Kiswahili, lilionyesha kwamba kijana mmoja wa stoo alitoka saa kumi na mbili kasorobo akiwa na begi. Basi kila kitu kikakaa mahali pake: mashine ilionekana kwa mara ya mwisho, nusu saa baadaye kijana akatoka na begi. Alisimamishwa kazi wiki mbili.

Ongezeni saa tatu, ndugu zangu, ambazo saa zetu huitangulia UTC. Ile 17:10 ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku kwetu, na kijana alikuwa nyumbani kwake kwa zaidi ya saa mbili, huku mashine ikiendelea kuuliza anwani kwenye mtandao wa ofisi. Kila ninapokisimulia kisa hiki, mtu huniuliza ilipatikana wapi. Ilikuwa chini ya kiti cha gari la mkuu wa idara, lakini hilo silo lililonileta hapa. Lililonileta ni kwamba mwongozo wa ofisi ile ulikuwa na kurasa kumi na mbili, zenye picha za rangi, na safu ya wakati ilielezwa kwa maneno mawili tu: “tarehe na saa”.

Mtu atasema kwamba dawa ni kuiweka seva katika saa za Afrika Mashariki. Fanyeni hivyo, sikatai, ila seva ikifungwa upya na mtu asiyejua historia yake itarudi UTC, na sekunde katika faili hazitamwambia mtu yeyote. Kilicho bora ni kuweka katika mwongozo mfano uliokwisha kufanyiwa hesabu. Chukueni sekunde 1700000000. Kwa UTC ni tarehe 14 Novemba 2023, 22:13:20. Kwa saa za Afrika Mashariki ni tarehe 15, 01:13:20. Na kwa mlinzi wa getini ni saa saba na dakika kumi na tatu, usiku wa kuamkia Jumatano. Mwongozo usiomfikisha msomaji kwenye daftari la mlinzi haujamaliza kazi.

Tena, hata saa ingekuwa sahihi, kuonekana mara ya mwisho si kuondoka. Kompyuta iliyolala haiulizi kitu, na iliyoamka inaweza kukaa kimya kwa kuwa anwani inayoihitaji bado inaikumbuka. Isitoshe, mashine moja huwa na anwani moja ya MAC kwa waya na nyingine kwa Wi-Fi, kwa hiyo inayofuatiliwa ni kadi ya mtandao, wala si mashine, sembuse mtu. Andikeni hivyo waziwazi katika ukurasa wa kwanza.

Elezeni pia ujumbe ambao programu hutuma kwa barua pepe. Kijana mmoja aliletewa ujumbe wa “flip flop” akaniuliza kandambili zinahusikaje. Maana yake ni kwamba anwani ya IP imerudi kwa MAC iliyokuwa nayo kabla ya ile ya sasa, jambo linaloweza kuwa vifaa viwili vinavyogombania anwani moja, au mtu anayejifanya ruta, kifaa kinachopitisha mawasiliano ya mtandao. Mlicheka, lakini ujumbe ule ulikaa siku tatu bila kushughulikiwa.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, nami sitamuuliza ni ya nani. Nitataja mengine haraka. Simu za Android 10 za mwaka 2019 na iPhone zenye iOS 14 za mwaka uliofuata hutumia anwani za MAC za kubuni kwenye Wi-Fi. Herufi ya pili ya anwani ya MAC ikiwa 2, 6, A au E, msiihesabu kama kifaa kipya bila kufikiri. Vifaa vinavyowasiliana kwa IPv6, toleo jipya zaidi la anwani za IP, havitumii ARP, hivyo arpwatch haivioni huko. Na kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mwongozo utaje ni nani anayeruhusiwa kulifungua faili hilo na litahifadhiwa kwa muda gani. Hilo la sheria nilikuwa nimeliandalia kurasa nne; atakayezitaka anifuate pale mlangoni wakati wa chai.