Ananuri: ngome iliyochomwa na jirani

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za huko nyumbani. Leo nipo Ananuri, nchini Georgia, kama kilomita 70 kaskazini mwa mji mkuu, Tbilisi. Mmeniomba sana niwaonyeshe ngome za huku. Ningeweza kuanza na Narikala iliyopo pale mjini, lakini nimewaleta hapa kwa sababu ya kisa chake. Tumezoea kusikia jinsi Waajemi na Waturuki walivyoivamia nchi hii. Ananuri aliyeichoma moto ni jirani.

Ngoja nigeuze kamera. Maji yale mnayoyaona ni bwawa la Zhinvali, lilikamilika miaka ya 1980 na linapeleka maji Tbilisi. Picha nyingi mtandaoni zinaionyesha Ananuri kama kasri la kando ya ziwa, na mtu akiziona anaamini wajenzi walitaka mandhari. Hapana. Yaondoe maji hayo kichwani, weka bonde refu, mto Aragvi ukiteremka katikati, na njia ya misafara inayopanda kuelekea milima ya Kaukazi mpaka upande wa Urusi. Walichokuwa wanakitazama ni njia. Aliyekaa hapa ndiye aliyeamua nani apite na nani arudi alikotoka. Warusi nao walipotengeneza barabara yao ya kijeshi walipita bonde hilihili, na hayo malori mnayoyasikia nyuma yangu yanaelekea Lars, mpakani na Urusi.

Waliokuwa na mamlaka hapa ni ukoo wa eristavi wa Aragvi, kuanzia karne ya 13. Eristavi alikuwa kama liwali: anatawala jimbo kwa jina la mfalme. Ila maliwali hawa walirithishana cheo baba kwa mwana, wakawa na askari wao na vita vyao. Mfalme alikuwa mbali, jirani alikuwa karibu.

Sasa tazameni ujenzi wenyewe. Ngome zilikuwa mbili, ya juu na ya chini, zimeunganishwa kwa ukuta wenye meno. Ile ya chini, yenye mnara wa mviringo, imebaki magofu. Hii ya juu ndiyo bado imara. Ule mnara mkubwa wa pembe nne unaitwa Sheupovari, na ndio uliokuwa kimbilio la mwisho adui akishavunja lango. Angalieni matundu ya kufyatulia risasi yalivyo membamba kwa nje. Kuna na mnara mwingine mwembamba, paa lake limepanda kwa ngazi-ngazi hadi ncha, mtindo wa minara ya watu wa milimani huku.

Wenyeji wanasimulia kwamba palikuwa na njia ya siri ya chini kwa chini ya kwenda kuchota maji. Maadui walipoizingira ngome wakamkamata mwanamke aitwaye Ana, wa kutoka Nuri, wakamtesa awaonyeshe njia hiyo, akafa bila kusema. Hiyo ni hadithi, nami naipokea kama hadithi. Lakini inawaambia kitu: ngome ikizingirwa, kiu huwahi kuua kabla ya risasi.

Tulifike lile kanisa kubwa, Ghvtaeba, la mwaka 1689, alilojenga mtoto wa eristavi Bardzim. Simama na mimi upande huu wa kusini, tusiwe na haraka. Ukuta mzima umebeba msalaba mmoja mkubwa wa kuchonga, na pembeni yake mizabibu yenye vichala, wanyama na malaika. Nakshi zote ni za kwenye jiwe. Mtu anayejenga hivi ndani ya ngome ya vita anaamini wajukuu wake watakuwepo hapa. Ndiyo maana kilichofuata kinaniuma.

Mwaka 1739, miaka 50 tu baadaye, Shanshe, eristavi wa Ksani, bonde jirani na hili, alikuja na jeshi lake. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Nader Shah wa Uajemi, lakini ugomvi wa koo mbili hizi haukusubiri Mwajemi aondoke. Ngome ikatiwa moto na ukoo wa Aragvi ukachinjwa. Tukiingia kanisani, nitapunguza sauti maana kuna waumini, mtaona kwamba michoro mingi ya ukutani iliangamia kwa moto. Ukuta huu wa kusini umebaki na Siku ya Hukumu. Nyingine ni vipande: uso hapa, mkono pale, halafu ukuta mtupu.

Wenye vitabu vya watalii huishia hapo. Mimi nataka muendelee nami miaka minne mbele. Mwaka 1743 wakulima wa bonde hili waliasi, wakawaua watu wa Shanshe, na hawakutafuta eristavi mwingine. Walimwita mfalme Teimuraz wa Pili awatawale mwenyewe moja kwa moja. Watu wasio na cheo chochote walikuwa wamechoka na maliwali. Na mfalme aliwalipa nini? Mwaka 1746 walipoasi tena, safari hii dhidi yake, aliwazima kwa msaada wa mwanawe Erekle, mfalme wa Kakheti, ufalme jirani. Erekle huyo anasifiwa sana katika historia ya Georgia, na ana haki yake. Lakini nikiwa hapa moyo wangu uko kwa wale wakulima, ambao makaburi yao sijaonyeshwa na mtu, wakati ya maliwali yamo kanisani.

Mkipata nafasi ya kuja, nendeni stendi ya Didube, Tbilisi, mpande marshrutka, ndizo daladala za huku, zinazoelekea Gudauri au Kazbegi, na mmwambie dereva awashushe Ananuri. Kina mama na kina dada mbebe mtandio na sketi ndefu kwa ajili ya kanisani. Kutoka hapa mimi napanda hadi Pasanauri, ambako Aragvi mbili zinakutana, moja nyeusi na moja nyeupe. Hiyo ndiyo video ijayo.