Ukingo Kwanza, Kuvuta Baadaye: Kamba za Kurudisha Kutoka Chini

Mabibi na mabwana, karibuni. Wengi wenu mnafanya kazi mkiwa mmening'inia kwenye kamba mbili, ya kazi na ya akiba, kila moja na nanga yake, yaani mahali pake imara ilipofungwa juu. Hayo sitayarudia. Leo nazungumzia hali moja: mtu wa mwisho anashuka, juu habaki mtu, na kamba zote mbili lazima zivutwe kutoka chini. Na kati ya nanga na mshukaji kuna ukingo mkali: pembe ya boriti ya chuma, mdomo wa bati, zege lenye kokoto zilizochomoza.

Kwenye maeneo ya kazi nasikia mambo haya yakipangwa kama mawili tofauti. Kwanza watu wanajadili jinsi ya kurudisha kamba, halafu mmoja anakumbuka ukingo na kutupa kipande cha turubai. Mimi nasema ni jambo moja. Ukingo unaoikata kamba ndio huohuo unaoizuia isirudi. Ukiutatua ukingo vizuri, kazi ya kuvuta inakuwa nyepesi. Ukiupuuza, utalipa mara mbili.

Tuanze na mfumo wa kawaida, maana makosa mengi yamo humo. Kamba inazungushwa nyuma ya boriti, pande mbili zinashuka. Tuziite upande wa kushukia na upande wa kuvutia. Kwenye upande wa kuvutia, karibu kabisa na boriti, unafunga fundo la kipepeo, lile linaloacha kitanzi katikati ya kamba. Katika kitanzi cha fundo unaweka pingili ya chuma ya kufunga kwa nati, au karabina, yaani kiungo cha chuma kinachofunguka, yenye kufuli, na pingili hiyo inaukumbatia upande wa kushukia. Mzigo ukija, kitanzi kinajikaza kwenye boriti. Mkimaliza, mnavuta upande wa kuvutia, fundo linashuka na pingili yake, na ncha ya upande wa kushukia inapanda, inazunguka boriti, inaanguka.

Ukijifunga kwenye upande wa kuvutia, kitanzi kinafunguka na unaanguka. Hakuna kitu cha kukuzuia, na kama umekosea hivyo kwenye kamba zote mbili, hata akiba haipo. Kwa hiyo pande za kuvutia zitofautishwe kabla ya mtu yeyote kushika kifaa cha kushukia: zitiwe kwenye mkoba, zifungwe alama, au tumia kamba nyembamba ya kuvutia inayoanzia kwenye fundo, ambayo kifaa chako hakiwezi hata kuikamata. Ile nyembamba ina faida hiyo kubwa, lakini ni ngumu kuishika kwa mkono na ikikwama huwezi kuitegemea kwa lolote.

Sasa tazameni ukingo wa kwanza, ambao watu wengi hawauoni: ule wa nanga yenyewe. Boriti ya chuma ina pembe nne, na kamba inapinda kwenye kila pembe huku ikiwa imebeba mzigo wote. Kamba ya aina ya A ya EN 1891, kiwango cha Ulaya cha kamba zisizonyumbuka sana, inatakiwa kuhimili angalau kilonyutoni 22 ikiwa tupu, yaani uzito wa tani mbili na ushei, na 15 ikiwa na fundo au mwisho ulioshonwa. Namba hizo zimepimwa kwa kamba kuvutwa ikiwa imenyooka. Hazisemi chochote kuhusu kamba iliyokazwa juu ya pembe. Nyuzi zilizokazwa hukatika kwa urahisi kuliko zilizolegea, na mwendo mdogo wa ubavuni unatosha kuanza kuzila. Pingili nayo ikilalia pembe, inabeba mzigo kwa kupinda, na haikutengenezwa kwa hilo.

Kuna kosa jingine hapa. Mtu anaona ukingo wa jengo uko mita mbili mbele ya nanga, anaamua kuacha kitanzi kirefu ili fundo lining'inie chini ya ukingo na lisikwame wakati wa kuvuta. Wazo linavutia, lakini kitanzi hiki ni cha kujikaza. Mzigo ukija, pingili inateleza kupanda mpaka igotee kitu, na kitu cha kwanza itakachokigotea ni ule ukingo. Umechukua chuma na fundo, ukavikalisha mahali pabaya kuliko pote. Kitanzi cha aina hii kikazwe kwa mkono kwenye nanga, kikaguliwe, ndipo kibebe mtu.

Ndiyo maana napendelea kitanzi cha waya wa chuma chenye pete mbili, kubwa na ndogo, kila kamba na chake. Waya unazungushwa kwenye boriti, na ukiwa mrefu wa kutosha unavuka ukingo, pete zikaning'inia chini yake. Sasa kinachogusa ukingo ni waya. Kamba inapita ndani ya pete zote mbili: upande wa kushukia unaingia pete kubwa, upande wa kuvutia unatokea pete ndogo. Fundo la kuzuia, lile la kipepeo, linakaa kwenye pete ndogo, haliwezi kupenya, na pingili yake inaukumbatia upande wa kushukia kama tulivyosema. Mshukaji akishafika chini na kujitoa, mnafunga fundo la duara kwenye ncha ya upande wa kushukia, kubwa kiasi cha kupita pete kubwa na kukwama kwenye ndogo. Mnavuta. Fundo linapita ya kwanza, linagota ya pili, na waya wote unavutwa juu ya boriti na kushuka. Ukizigeuza pete, fundo litagota kwenye pete ndogo kwanza, na waya huenda ukabaki juu. Ukubwa wa fundo hilo ujaribiwe mezani kabla ya kupanda, kwa kamba ileile na pete zilezile. Na mtengenezaji wa waya awe ameruhusu upinde ukingoni namna hiyo. Waya nao huchakaa, nyuzi zake hukatika moja moja.

Niwaoneshe kwa hesabu kwa nini njia hii inasaidia hata kuvuta. Chukua jengo la mita 30, nanga iko mita 8 nyuma ya ukingo, kamba ya milimita 11 yenye uzito wa gramu 75 hivi kwa mita. Upande wa kushukia unaoning'inia una kilo 2 na robo. Ukivuta upande wa kuvutia, kamba inapinda digrii 90 ukingoni, 180 kwenye nanga, 90 tena ukingoni: mzunguko mzima. Msuguano huzidisha nguvu kwa kila upindo. Kigezo cha msuguano, yaani namba inayoonesha jinsi kamba inavyong'ang'ania, kikiwa 0.3, nguvu inazidishwa mara 6 na nusu, yaani kilo 15 hivi. Kikiwa 0.5, kama kwenye zege kavu lenye ukwaru, inazidishwa mara 23, na hapo unazungumzia zaidi ya kilo 50, kabla fundo halijagusa kitu. Kamba ikipita kwenye pete chini ya ukingo, upindo ni digrii 180 tu. Kwa kigezo cha 0.3 inatosha nguvu ya kilo 6.

Umbali huohuo wa mita 8 una madhara mengine. Kamba inayojikata ukingoni ni ile iliyo kati ya nanga na ukingo, kwa sababu ndiyo inayorefuka na kufupika juu ya pembe. Ikirefuka asilimia 3 kwa uzito wa mtu na vifaa vyake, mita 8 zinatoa sentimita 24 za kutembea. Nanga ikiwa mita 1 nyuma ya ukingo, ni sentimita 3. Msuguano utapunguza kidogo, lakini uwiano ni huo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kinga, tafuteni nanga iliyo karibu, au iliyo juu ya ukingo kiasi kwamba kamba haigusi kabisa. Mpangilio wangu ni huu daima: ondoa ukingo, ukishindwa uepuke, ukishindwa ndipo uukinge. Turubai ni la mwisho. Linafaa dhidi ya ukwaru. Mbele ya mdomo wa bati jipya halina la kusema.

Ikibidi kukinga, jiulizeni kinga itarudije. Ala ya turubai iliyofungwa kwenye upande wa kushukia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu upande huo unapanda wakati wa kuvuta, nayo inapanda pamoja hadi kwenye nanga na kukwama. Heri bamba au mkeka unaokaa chini ya pande zote, unaozuiwa usiteleze na kijikamba kilichofungwa kwenye kitanzi cha fundo la upande wa kuvutia. Upande huo unashuka. Fundo linavuka ukingo mkeka ukiwa bado pale, kisha kijikamba kinakaza na kuushusha. Kamba ya kazi na ya akiba zipishane nafasi ukingoni, kila moja na kinga yake. Zikilala pamoja juu ya pembe moja tupu, jeraha moja linachukua zote. Na kumbukeni akiba hulegea kidogo: ya kazi ikikatika, akiba inapokea mshtuko, na mshtuko huo unatua palepale ukingoni.

Kinga isiyoweza kurudi iachwe juu, ikachukuliwe siku nyingine. Msiipunguze ili irudi.

Mtu wa mwisho akishavuka ukingo, hakuna jicho linalotazama kinga. Ashuke wima, polepole, bila kuyumba ubavuni, bila kudunda, bila kupanda tena. Kabla yake, yule aliyetangulia chini avute kila kamba kwa zamu ikiwa haina mzigo, mita moja tu, huku wa juu akitazama fundo linavyopita, kisha virudishwe na kukaguliwa upya. Wakati wa kushuka, ncha za chini ziwe na mafundo ya kuzuia mshukaji asipitilize ncha ya kamba. Kabla ya kuvuta, mafundo hayo yafunguliwe, la duara ndilo pekee liruhusiwe pale lilipopangwa, na watu waondoke eneo la chini, kwa sababu pete za chuma zitakuja.

Kamba ikikwama, badilisheni pembe ya kuvuta, sogeeni mbali na ukuta, itikiseni. Isipotoka, iacheni hapohapo. Asipande mtu juu yake: kilichoishika hamkioni, kinaweza kuwa fundo lililonasa kwenye ufa au uzi uliobaki wa kiini, yaani sehemu ya ndani ya kamba. Mtu afike juu kwa njia nyingine, aikague kamba yote kwa mkono, sentimita kwa sentimita, na sehemu yoyote iliyopita ukingoni ganda likiwa limechanika au kiini kimelegea ikatwe iondolewe kazini.