Grosari, wiski na futi za mraba 10,000

Mabibi na mabwana, kwanza tuelewane kwenye neno. Hapa Tanzania nikisema “grosari”, nyote mmeshaona viti vya plastiki na kreti za bia. Grosari yangu ya leo ni ya Marekani, ya mchele, maziwa na sabuni, na katika jimbo la Washington kwa miongo mingi usingekuta humo chupa ya wiski. Bia na mvinyo, ruksa. Pombe kali iliuzwa na serikali yenyewe, kwenye maduka yake, tangu marufuku ya pombe ya Marekani ilipoondolewa miaka ya 1930.

Novemba 2011 wananchi waliulizwa kwa kura: serikali itoke kwenye biashara hii? Karibu asilimia 59 wakasema itoke. Costco, kampuni ya maduka makubwa ambayo makao yake makuu yako humo humo jimboni, walimwaga zaidi ya dola milioni 20 kwenye kampeni. Tarehe 1 Juni 2012 chupa zikapanda rafuni.

Sasa tazameni masharti. Ili upate leseni, duka liwe na angalau futi za mraba 10,000. Ni kama mita za mraba 929: ingiza viwanja viwili vya mpira wa kikapu na bado utapata pa kupanga magunia. Mangi wa kona atazitoa wapi? Yaliyokuwa maduka ya serikali yalisamehewa, na maeneo yasiyo na muuzaji mwingine pia. Lakini mimi hapo sioni soko lililofunguliwa. Naona funguo zimetoka kwa serikali zikaenda kwa wenye majengo makubwa.

Na bei? Hoja hiyo hiyo waliyoipigia kura ilibeba tozo: asilimia 17 kwa muuzaji wa rejareja, 10 kwa msambazaji, ambayo baadaye ilishuka hadi 5. Kodi za zamani zikabaki palepale. Chukua chupa ya mililita 750, lebo ya rafuni dola 20. Kaunta wanaongeza kodi ya mauzo ya asilimia 20.5, yaani dola 4.10. Halafu kodi ya ujazo, dola 2.83. Umeingia na noti ya 20, unadaiwa karibu 27, na foleni nyuma yako inakutazama.

Waliokaa karibu na mpaka wakawasha magari. Nje ya maduka ya pombe ya Idaho na Oregon yakaonekana magari yenye namba za Washington. Na huko kwa majirani, pombe kali ilikuwa bado iko chini ya serikali.