Kalenda ya Mwaka Jana, Fulana Kuukuu na Dumu la Lita Tano

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mliobanana hapo mbele, hamjambo?

Nimeombwa niseme kidogo kuhusu kazi za mikono za vitu vya nyumbani, halafu twende kwenye meza tukafanye. Basi nisiwachoshe.

Nianze na ugomvi. Siku hizi ukifungua simu utakuta video za chupa ya maji inayogeuzwa ua. Ua linapakwa rangi ya dhahabu, linabandikwa kwa gundi ya kuyeyusha, muziki unapigwa, kazi kwisha. Ukipiga hesabu, umenunua rangi, umenunua gundi na mashine yake, na ulichopata ni kitu cha kukusanya vumbi juu ya kabati mpaka siku utakapokitupa. Hapo takataka imecheleweshwa tu. Mimi naanzia upande wa pili: nyumbani kwako kinatakiwa nini ambacho ungekwenda kukinunua? Ukishajua, ndipo uangalie kilichomo stoo.

Watoto wanalijua hili bila semina. Mtoto anataka mpira wa chandimu, basi anakusanya matambara na soksi zisizo na mwenzake, anafunga kamba, anacheza. Zamani ndani tulikuwa tunajaza mifuko ya rambo, lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ni marufuku hapa Tanzania, na mpira haujaacha kudunda. Anataka gari, anakunja waya, magurudumu anayakata kwenye ndala iliyokatika. Hizo ndala msizidharau. Kule Lamu mafundi wa majahazi waliunda jahazi zima la plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya kandambili karibu 30,000, wakaliita Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Sisi leo hatuundi jahazi, msiogope.

Tutaanza na shanga za karatasi. Kina mama wa Acholi Quarter, Kampala, wengi wao waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda, wameuza sana shanga hizi, na ukizishika huamini kama ni karatasi. Karatasi nzuri ni ya kalenda au jarida, ile yenye kung'aa. Gazeti la kawaida ni laini mno na wino wake hutoka mikononi.

Weka alama kila sentimita 2 kwenye ukingo mmoja wa karatasi. Kwenye ukingo wa pili weka alama zilizosogea sentimita 1, ziangukie katikati ya zile za kwanza. Unganisha kwa rula, kwenda na kurudi. Utapata pembetatu ndefu nyembamba. Mama, ndiyo, huo mkasi wa jikoni unatosha ukiwa mkali.

Sasa chukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, au njiti yoyote laini iliyonyooka. Anza kuzungusha upande mpana. Mzunguko wa kwanza usitie gundi, la sivyo shanga itaganda kwenye shazia na utaivunja ukiichomoa. Ukishazungusha mara moja, paka gundi nyembamba mpaka nchani, endelea kukaza. Kazi yote iko kwenye jicho: karatasi inavyozidi kuwa nyembamba, angalia kingo zinazobaki kulia na kushoto zilingane. Ikivuta upande mmoja, rudisha nyuma kidogo, anza tena hapo. Ncha ikilala katikati kabisa, shanga inakuwa na tumbo zuri pande zote. Ukitaka shanga nene, kata karatasi ndefu zaidi. Ukitaka ndefu, panua ule upande wa sentimita 2.

Zikikauka, zitunge kwenye uzi uzipake vanishi, mkono wa kwanza ukauke ndiyo upake wa pili. Vanishi ndicho kitu pekee tulichonunua leo, na hapo sibani matumizi, kwa sababu shanga isiyo na vanishi huharibiwa na jasho la shingo siku ya kwanza ya jua.

Gundi tumepika wenyewe. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo, koroga kwenye maji baridi kidogo kwanza, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, vijiko vitano hivi, koroga mpaka iwe ya kuvutika. Ukipenda kamulia limau isiote ukungu haraka. Pika ya siku moja au mbili tu, na usiku ifunike, mende wanaipenda kuliko sisi.

Meza ya pili ni zulia la mlangoni. Fulana iliyochakaa ikate kwa upana, siyo kwa urefu, vipande vya sentimita 3. Kishike kipande huku na huku, kivute: kinajikunja chenyewe na kuwa kamba ya mviringo, kingo zimejificha ndani. Suka nyuzi tatu, kila moja ikiisha shonea nyingine, kisha zungusha msuko kuanzia katikati ukiushona kwa uzi imara. Hapa wengi wanavuta sana. Ukikaza msuko unapozunguka, zulia linainuka kingo na unajikuta umeshona kofia. Shonea juu ya meza, likiwa limelala, na ule msuko wa nje uuachie kidogo. Anayetaka kikapu, basi akaze makusudi.

Kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono, wengi mnakijua, kwa hiyo nitapita haraka. Dumu la lita 5, tundu moja la msumari uliopashwa moto, kama sentimita 12 chini ya mdomo. Miti miwili yenye panda inasimikwa, mti mmoja unapita kwenye mkono wa dumu, na kamba inatoka shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Maji yajazwe yasifike kwenye tundu. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanatoka, mkono wako haugusi kitu. Sabuni itundikeni chini ya kipande cha chupa ya plastiki, mvua isiimalize.

Ila dumu lililowekwa dawa za shambani au kemikali yoyote, hilo hapana, hata ukilisugua kwa mchanga wiki nzima. Mikebe tumeileta kwa ajili ya kuoteshea mboga, kingo zake tayari nimezigonga kwa nyundo zikalala. Atakayeleta wa kwake aniite kwanza. Na plastiki hatuchomi humu ukumbini, moshi wake hauna rafiki.

Shanga ni meza ya dirishani, mazulia katikati, madumu nje kwenye kivuli cha mwembe. Mikasi haitoshi, mtapeana zamu. Msumari wa moto ni wa watu wazima tu. Na wewe kijana mwenye fulana ya kijani, usiogope, hiyo hatuikati.