Tezi Dume: Mazungumzo Yanayokatishwa na Kicheko

ZUWENA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Tunarekodi kutoka Wete, Pemba, na leo mimi na Bwana Haji tunazungumzia namna ya kuwashawishi wanaume, hasa weusi kama wetu, wakapime saratani ya tezi dume.

HAJI: Waalaykumu salaam, Bi Zuwena. Kazi hiyo huharibika mapema, kwa sababu mtu akilitaja jina hilo barazani tunapokunywa kahawa baada ya magharibi, mwenzake huinua kidole, watu wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Chini ya kicheko kile pana woga, maana wengi wanaamini kwamba kipimo ni daktari kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa, basi.

ZUWENA: Ilhali kwa kawaida huanzwa na damu. Hutolewa kidogo mkononi, kikapimwa kiwango cha PSA, ambayo ni protini inayotengenezwa na tezi hiyo iliyokaa chini ya kibofu cha mkojo. Kiwango kikiwa juu si lazima iwe saratani, kwani tezi iliyotanuka kwa umri au iliyopata maambukizi nayo hukipandisha.

HAJI: Na baiskeli vilevile! Mwanamme anayetoka Konde kuja Wete kwa baiskeli anapaswa kuambiwa kabla kwamba aiweke kando kwa siku mbili, na tendo la ndoa pia, la sivyo atafika ametota jasho na kurudi na jibu la kumtia kiwewe bure.

ZUWENA: Hilo nalo halisemeki kwenye kipaza sauti, Bwana Haji, linataka mtu wa kumnong'oneza. Sasa, kwa nini wanaume weusi hasa? Marekani, mwanamme mweusi 1 kati ya 6 hugunduliwa na saratani hii katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote ni 1 kati ya 8, na vifo vyao ni kiasi cha mara mbili ya vya wanaume weupe. Uingereza, kwa wanaume weusi, ni 1 kati ya 4. Siwezi kuzichukua hesabu hizo na kuzibandika Pemba, lakini Chama cha Saratani cha Marekani humshauri mwanamme mweusi azungumze na daktari kuhusu kipimo akifika miaka 45, na hata 40 ikiwa zaidi ya ndugu mmoja wa karibu, kama vile baba na kaka, waliugua mapema. Mtu asingoje maumivu, kwa kuwa saratani hii ikiwa changa mara nyingi haina dalili.

HAJI: Wenzetu wa Los Angeles waliwafuata wanaume weusi kwa vinyozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu shinikizo la damu, si tezi, lakini una funzo: wanaume 319 katika saluni 52 za kunyolea, na pale mfamasia alipowafuata hapo hapo akawapa dawa, namba ya juu ya shinikizo ilishuka kwa wastani wa 27, ilhali pale kinyozi alipowahimiza tu waende kwa daktari ilishuka kwa 9.

ZUWENA: Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Tukimwita mzee wa watu apime, kisha PSA ikawa juu, nani atamwambia aende wapi kuchukuliwa kinyama cha kupimwa? Akihitaji mionzi, safari ni ya meli mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pamoja na nauli na mtu wa kumsindikiza. Sheha na imamu wakitangaza kipimo bila ya mambo hayo kupangwa, mwaka wa pili hawatamwona mtu.

HAJI: Na wake zetu wasisahauliwe, kwani mume akiamka mara nne usiku kwa haja ndogo, yeye husema ni uzee, lakini mke ndiye anayehesabu. Huenda ikawa ni kutanuka tu kwa tezi, lakini ndiyo njia ya kumfikisha kwa daktari.

ZUWENA: Wewe mwenyewe umeshatimiza 52, Bwana Haji.

HAJI: Baiskeli nimemwachia mwanangu tangu jana, Bi Zuwena. Kesho asubuhi natolewa damu.